Kukusanya ushahidi wa shauri la malezi pale mzazi mmoja anapotaka kuhama na mtoto: mwongozo kwa wazazi wa Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini

Mzazi anapokwenda kwa msaidizi wa kisheria akiwa na shauri la mtoto, mara nyingi huweka mezani bahasha ya kaki iliyojaa makosa ya mwenzake: picha alizopigwa akiwa baa, jumbe za mapenzi alizotumiwa na mtu mwingine, matusi ya mwaka juzi. Katika bahasha hiyo mtoto haonekani. Hakuna karatasi inayosema anaamka saa ngapi, nani anampeleka shule, nani alikesha naye wodini alipougua homa ya mapafu, wala atalala wapi iwapo mzazi mmoja atahamia mkoa mwingine na mwenzake akabaki. Hayo ndiyo mambo ambayo hakimu atayauliza, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuyakusanya kabla hajayauliza.

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue mfano wa kubuni utakaotusindikiza. Mama ni muuguzi anayeishi Uyole, jijini Mbeya, na amepata uhamisho wa kikazi kwenda Mafinga. Baba ana duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa. Wametengana, na wana watoto wawili: binti wa miaka 9 anayesoma darasa la tatu, na mvulana wa miaka 4. Mama anataka kuhama na watoto wote wawili, na baba anapinga.

Hatua ya kwanza: fahamu kinachopimwa

Sheria mbili ndizo zinazoongoza mashauri haya. Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 125, inasema kwamba jambo la kwanza la kuzingatiwa ni ustawi wa mtoto, na kwamba baada ya hilo mahakama itaangalia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe ikiwa amefikia umri wa kutoa maoni yake kwa uhuru, na mila za jamii ambayo wahusika wanatoka. Kifungu hicho hicho kinachukulia kwamba ni heri mtoto wa chini ya miaka 7 akae na mama yake, ila dhana hiyo inaweza kupinduliwa kwa ushahidi, na hakimu anatakiwa pia kufikiria madhara ya kumvuruga mtoto kwa kumbadilishia mlezi. Sheria ya Mtoto ya 2009, katika kifungu cha 39, inaongeza mambo mengine: umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake, umri na jinsia ya mtoto, maoni yake yaliyotolewa bila kushinikizwa, faida ya ndugu kukaa pamoja, na haja ya malezi yasiyokatika katika. Namba hizi za vifungu ni za sheria zilivyotungwa, kwa hiyo unapoandika maombi uzilinganishe na toleo la urekebu, yaani sheria ilivyochapishwa upya pamoja na marekebisho yake, linalotumika mahakamani.

Soma orodha hiyo mara mbili, kisha ujiulize kuhusu kila jambo: nina karatasi gani, na nina shahidi gani? Katika mfano wetu, dhana ya miaka 7 inamsaidia mama kwa mvulana lakini haimsaidii kwa binti. Kwa upande mwingine, faida ya ndugu kukaa pamoja inaweza kumvuta binti kumfuata mdogo wake, ingawa Sheria ya Ndoa inataka ustawi wa kila mtoto uangaliwe peke yake na haiifungi mahakama kuwaweka wote kwa mzazi mmoja. Baba akitaka kushinda hapo, ni lazima alete ushahidi unaomhusu binti huyo hasa: shule yake, marafiki zake, na bibi yake aliyemlea tangu akiwa na miaka miwili.

Neno kuhusu mila, kwa sababu katika Nyanda za Juu Kusini halikosekani kikaoni. Kwa Wanyakyusa, Wahehe, Wabena, Wakinga na jirani zao, ukoo huhesabiwa kwa upande wa baba, na wazee wengi watakuambia kwamba mahari ikishatolewa mtoto ni wa ukoo huo na mjadala umefungwa. Mahakamani mjadala haufungwi hapo. Mila inasikilizwa, lakini inakuja nyuma ya ustawi wa mtoto, na baba anayesimama na hoja ya ukoo peke yake amesimama kwa mguu mmoja. Hoja hiyo hupata uzito pale anapoonyesha kwamba ukoo huo ndio unaomlea mtoto kwa vitendo, kwamba shangazi ndiye anayempikia na baba mdogo ndiye anayemfuata shule mvua inaponyesha.

Kumbuka pia kwamba shauri hili ni la madai. Hutakiwi kuthibitisha bila kuacha shaka, kama katika kesi ya jinai. Unatakiwa ushahidi wako uwe mzito kuliko wa mwenzako. Ndiyo maana karatasi ndogo ndogo za kila wiki, zikiwa nyingi na zinakubaliana, hushinda tuhuma moja kubwa isiyo na shahidi.

Hatua ya pili: amua unaomba nini, na wapi

Ikiwa mnaomba talaka, shauri linatakiwa lipitie kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, na suala la watoto litaamuliwa ndani ya shauri hilo la ndoa. Ikiwa hamuombi talaka, au hamkuwahi kuoana, maombi ya malezi, ya matunzo au ya kumwona mtoto yanaweza kupelekwa kwenye Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto. Si wazazi pekee wanaoruhusiwa: mlezi au ndugu anayemtunza mtoto anaweza pia kuomba, jambo ambalo bibi wengi wa Rungwe na Kilolo wanaoishi na wajukuu hawalijui. Ikiwa tayari kuna amri ya zamani, unachoomba ni kubadilishiwa amri, na Sheria ya Ndoa inataka uonyeshe kwamba amri ya awali ilitokana na taarifa za uongo au makosa, au kwamba mazingira yamebadilika kwa kiasi kikubwa. Barua ya uhamisho wa kikazi ni mabadiliko ya namna hiyo.

Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo usiache kuandika maelezo yako mwenyewe kwa kuhofia lugha. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, na afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako anaweza kukuelekeza walipo.

Hatua ya tatu: fungua daftari leo

Nunua daftari la kawaida la kurasa 96, lenye kurasa zilizoshonwa, kwa sababu daftari la kuchana karatasi humfanya wakili wa upande wa pili aulize ni kurasa gani zimetolewa. Andika kwa kalamu ya wino, siku ile ile jambo linapotokea, ukitaja tarehe na saa. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno na uendelee. Usifute kwa rangi nyeupe.

Kinachoandikwa ni ulichokiona na ulichokifanya. Linganisha namna mbili za kuandika siku moja. Ya kwanza: "Baba yao hana maana, leo tena hakuja, hawajali kabisa." Ya pili: "Jumamosi. Tulikubaliana awachukue saa 3:00 asubuhi. Saa 4:30 nilimpigia, hakupokea. Saa 6:10 alituma ujumbe kwamba yuko Makambako kuchukua mzigo. Binti alikuwa amevaa tangu asubuhi. Alivua nguo akaenda kucheza kwa jirani." Andiko la kwanza linamweleza mwandishi zaidi ya linavyomweleza baba. La pili linaweza kusomwa mbele ya hakimu, na jirani anaweza kuulizwa akathibitisha.

Andika pia mazuri ya mwenzako. Wengi hukataa ushauri huu wanapousikia, lakini daftari ambalo kwa miezi mitano halina siku hata moja ambayo baba alileta dawa au mama alimpigia mtoto simu halimshawishi mtu anayesikiliza mashauri kama haya kila wiki. Zaidi ya hayo, mahakama huangalia ni mzazi yupi atakayemwacha mtoto aendelee kumpenda mzazi mwingine, na daftari lako, bila wewe kukusudia, hujibu swali hilo.

Mambo ya kuandika mara kwa mara ni nani aliyempeleka na kumrudisha mtoto shuleni, nani alihudhuria kikao cha wazazi, nani aliitwa mwalimu alipopiga simu, mtoto alilala wapi, aliugua nini na alitibiwa wapi, nani alilipa, na yale mabadilishano ya mtoto kati yenu yalivyokwenda. Kwa wafanyakazi wa zamu, kama mama wa mfano wetu, andika wazi nani hulala na watoto usiku wa zamu. Usisubiri swali hilo liulizwe na mwingine kwa namna ya kukuaibisha.

Hatua ya nne: kusanya karatasi za mtoto

Anza na cheti cha kuzaliwa. Mkoa wa Mbeya ndio ulioanza, mwaka 2013, mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bila malipo kwenye vituo vya kutolea huduma za afya na ofisi za watendaji wa kata, kwa hiyo watoto wengi wa huku wanavyo. Kagua tahajia ya majina na jina la baba. Ikiwa kuna kosa, anza kulirekebisha sasa, maana marekebisho huchukua muda kuliko unavyodhani. Pale ambapo ubaba wenyewe unabishaniwa, kipimo cha vinasaba hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya kanda Mbeya, na maombi hayapelekwi na mzazi mwenyewe bali hupitia mahakamani, kwa wakili, kwa afisa ustawi wa jamii au mamlaka nyingine inayotambuliwa.

Kadi ya kliniki ni ushahidi ambao wazazi huudharau. Ina tarehe za chanjo na uzito wa mtoto mwezi hadi mwezi, na kadi iliyojaa bila mapengo inamtambulisha mlezi aliyekuwa makini. Pamoja nayo weka karatasi za hospitali. Kama hoja yako inagusa hali ya hewa, kwa mfano kwamba mtoto ana pumu na baridi ya Juni hadi Agosti ya Makete au Njombe humzidishia, usilete maneno ya jumla kuhusu baridi. Lete maelezo ya daktari aliyemtibu, yenye tarehe za mashambulizi na dawa alizopewa.

Shuleni, omba kwa barua nakala za taarifa za maendeleo, mahudhurio, na fomu ya uandikishaji inayoonyesha ni nani aliyejaza kuwa mzazi wa kupigiwa simu. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, mzazi wa shule ya serikali hana risiti za ada za kuonyesha, kwa hiyo mchango wake utaonekana kwenye sare, madaftari, chakula cha shuleni na nauli, na hizo ndizo risiti za kutunza. Ikiwa mtoto amehamishwa shule bila wewe kujua, mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, ambao humpa kila mwanafunzi wa shule ya msingi namba yake, huacha kumbukumbu ya uhamisho. Mwalimu mkuu wa shule anayotoka mtoto anaweza kueleza ombi lilifika lini na lilitoka kwa nani.

Kuhusu matunzo, fedha za mkononi zimerahisisha kazi. Ujumbe wa muamala una jina, kiasi, tarehe na namba ya kumbukumbu, na kampuni ya simu inaweza kukupa taarifa ya miamala ya miezi iliyopita ukifika dukani kwao na kitambulisho. Tatizo ni kwamba muamala hausemi fedha ilikuwa ya nini. Mtumaji atume mara moja ujumbe wa kawaida unaosema "hiyo ni ya viatu vya shule na dawa," na mpokeaji ajibu kwamba ameipata. Anayetoa fedha taslimu amwombe mpokeaji asaini kwenye daftari. Anayetoa mahindi, mchele au viazi, kama wengi wa huku wanavyofanya, aandike idadi ya debe au gunia na tarehe, na ampate aliyebeba mzigo awe shahidi. Chakula ni matunzo sawa na fedha.

Hatua ya tano: simu, na mahali pa kusimama

Jumbe za simu ndizo zinazojaza bahasha nyingi siku hizi, na ndizo zinazokataliwa kirahisi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa aina hii, iangalie namna taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyotumwa, kama haikuguswa njiani, na namna mtumaji alivyotambulika. Mahakama ya Mwanzo ina kanuni zake za ushahidi zilizo nyepesi kidogo, lakini swali la msingi halibadiliki: tutajuaje kwamba huyu ndiye aliyeandika, na kwamba hukubadilisha neno?

Kwa hiyo usifute chochote kwenye simu yenyewe, hata jumbe zinazokuaibisha wewe. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba ya mtumaji na si jina ulilomwekea, kwa sababu jina unaweza kulibadilisha wakati wowote. Chukua mazungumzo kwa mfululizo, pamoja na ujumbe uliotangulia na uliofuata. Ujumbe mmoja uliokatwa katikati ya ugomvi humpa mwenzako nafasi ya kuleta mazungumzo yote na kukuonyesha kuwa ulificha. Chapisha, andika tarehe ya kuchapisha, na ueleze katika kiapo chako, yaani maelezo ya maandishi unayoyaapia, ni simu ipi, laini ipi imesajiliwa kwa jina la nani, na nani alichapisha. Ujumbe wa sauti uhifadhiwe ulivyo, kisha uandike maneno yake kwenye karatasi neno kwa neno, na kama ni Kinyakyusa au Kihehe, weka tafsiri pembeni. Hamisha nakala kwenye flashi na uiache kwa ndugu unayemwamini, kwa kuwa simu huibiwa na kuangukia majini.

Usiingie kwenye simu au akaunti ya mwenzako kwa siri, hata kama unajua namba yake ya siri tangu mkiwa pamoja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa kuwa kosa la jinai, na mzazi aliyekwenda kutafuta malezi anaweza kujikuta yeye ndiye mtuhumiwa. Usiweke kifaa cha kumfuatilia kwenye begi la mtoto. Na picha za mtoto akilia usiziweke kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wala kwenye mtandao wowote. Shauri la mtoto husikilizwa faragha, na mzazi anayelianika hadharani anajichafua mwenyewe.

Hatua ya sita: mashahidi

Shahidi anayefaa ni aliyeona kwa macho yake. Mama mwenye nyumba anayesikia watoto wakiamshwa saa 12 asubuhi, dereva wa bajaji anayewapeleka shule, mwalimu wa darasa, mhudumu wa kituo cha watoto wadogo cha mvulana: hawa wana thamani kuliko shangazi anayeishi Songea aliyesimuliwa kila kitu kwa simu. Ndugu hawakatazwi, ila hakimu anajua upande wao. Mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji anaweza kuandika barua ya kuthibitisha makazi, lakini barua inayosema "ni mzazi mwema, namfahamu" bila kueleza amemfahamu wapi haina msaada. Mwombe aandike tangu lini unaishi hapo, na nani wanaoishi nawe.

Kuna shahidi mmoja ambaye hupaswi kumwandaa kabisa, naye ni mtoto. Sheria zote mbili zinataka maoni yake yawe huru, na binti wa miaka 9 aliyefundishwa maneno ya kusema hujulikana upesi: hutumia maneno ya watu wazima, hurudia sentensi ile ile anapoulizwa kwa namna nyingine, kisha hutazama mlango alikokaa mzazi. Usimrekodi ukimuuliza anataka kukaa na nani. Usimfanye msomaji wa jumbe za baba yake. Akisema jambo mwenyewe bila kuulizwa, andika maneno yake kama alivyoyatamka, yakiwa na makosa yake ya kitoto, na uandike pia mlikuwa mkifanya nini wakati huo.

Ikiwa kuna kipigo au unyanyasaji, mpangilio hubadilika, maana usalama hutangulia daftari. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, chukua PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa kutibiwa, mpeleke mtoto hospitalini siku hiyo hiyo kabla alama hazijafifia, au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa watoto. Baada ya hapo omba mahakama itoe amri ya muda wakati shauri likiendelea.

Hatua ya saba: jalada la kuhama

Hapa ndipo mashauri mengi ya wanaotaka kuhama huanguka, kwa sababu mzazi huja na maelezo kamili ya kwa nini anaondoka na maelezo mafupi ya mtoto anakwenda wapi. Barua ya uhamisho inaeleza safari ya mama. Ya watoto bado haijaelezwa.

Mama wa mfano wetu anatakiwa afike Mafinga kabla ya kusikilizwa. Apate mkataba wa nyumba au barua ya mwenye nyumba, apige picha za chumba watakacholala watoto, aulize shule iliyo karibu kama ina nafasi ya darasa la tatu na apewe barua, apime umbali kutoka nyumbani hadi shuleni kwa miguu ya mtoto wa miaka 9, aonyeshe kituo cha afya kilipo, na zaidi ya yote amtaje mtu atakayelala na watoto usiku wa zamu. Akisema "nitapata dada wa kazi" atakuwa ameacha tundu. Akisema ni mama yake mzazi atakayehama naye, na bibi huyo akafika mahakamani kusema hivyo, tundu limezibwa. Baba anayepinga naye afanye kazi hiyo hiyo kwa upande wake: nani atakuwa nyumbani saa 9 alasiri watoto wakitoka shule wakati yeye yuko dukani hadi usiku? Kupinga kuhama pasipo mpango wa kubaki hakumsaidii.

Kisha andika mpango wa kuonana. Sheria ya Mtoto inampa mtoto haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi asiyeishi naye, na mzazi anayehama ndiye anayelazimika kuonyesha haki hiyo haitakufa njiani. Kutoka Mbeya hadi Mafinga ni safari ya saa kadhaa kwenye barabara kuu ya TANZAM. Wikiendi ya kila wiki haiwezekani kwa mtoto wa miaka 4, lakini likizo ndefu za Juni na Desemba zinawezekana, na nyumba ya ndugu ya Makambako inaweza kuwa mahali pa kukabidhiana katikati ya njia. Taja nani atalipa nauli, nani atawasindikiza, na siku za simu ya video. Weka nakala za tiketi za safari ambazo watoto wamekwisha kusafiri, kama zipo, ili ionekane kwamba jambo hilo limeshafanyika.

Mipaka ya Tunduma na Kasumulu inaleta hofu ya namna yake. Kutoka jijini Mbeya hadi Tunduma ni kilomita 100 hivi, na ng'ambo ya pili ni Zambia. Ng'ambo ya Kasumulu, wilayani Kyela, ni Malawi. Tanzania si mwanachama wa Mkataba wa Hague wa 1980 kuhusu watoto waliochukuliwa kuvuka mipaka, kwa hiyo njia ya haraka ya kumrudisha mtoto ambayo nchi wanachama wanaitumia kati yao haipo kwa mzazi wa huku. Anayehofia hilo aombe mapema amri ya kuzuia mtoto kutolewa nchini, ambayo Sheria ya Ndoa inaipa mahakama uwezo wa kuitoa, na alete sababu: ujumbe wenye tishio, ombi la hati ya kusafiria, nyumba iliyopangishwa Nakonde, upande wa Zambia. Hofu isiyo na ishara hata moja haitoshi.

Usimhamishe mtoto kwanza ndipo uende mahakamani. Sheria ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto isivyo halali kwenye malezi ya mtu anayemlea kihalali, na hata pale ambapo hakuna amri iliyovunjwa, mzazi aliyemchukua mtoto shuleni mchana na kupanda naye basi ameshatoa ushahidi kuhusu nafsi yake.

Hatua ya nane: afisa ustawi wa jamii

Mahakama huomba ushauri wa mtu mwenye ujuzi wa ustawi wa watoto, na kwa kawaida huyo ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, atakayetembelea nyumba zote mbili na kuandika taarifa. Hakimu halazimiki kuufuata ushauri huo, lakini huusoma kwa makini kwa kuwa hauna upande. Usipake rangi ukuta jana yake. Mwonyeshe nyumba ilivyo, mpe nakala za karatasi zako, na umtajie watu anaoweza kuwahoji bila wewe kuwepo. Akikosea jambo kwenye taarifa, lisahihishe kwa kielelezo mahakamani, si kwa kumpigia simu usiku.

Hatua ya tisa: panga vielelezo

Panga kwa tarehe, si kwa uzito wa hasira. Toa nakala tatu za kila karatasi: ya mahakama, ya upande wa pili na yako. Vielelezo vilivyoambatishwa kwenye kiapo vipewe alama na kutajwa ndani ya kiapo kwa alama hiyo, na kiapo kisainiwe mbele ya kamishna wa viapo. Siku ya kusikilizwa beba nakala halisi zote pamoja na simu yenyewe ikiwa na chaji, kwa sababu upande wa pili una haki ya kuomba kuziona. Tengeneza ukurasa mmoja wa mbele wenye orodha ya vielelezo na kile kila kimoja kinachothibitisha. Ukishindwa kuandika kielelezo fulani kinathibitisha nini kuhusu mtoto, kiondoe.

Amri ikitolewa, omba nakala iliyothibitishwa, peleka moja kwa mwalimu mkuu, na kama kuna zuio la kusafiri, moja kwenye ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Daftari nalo liendelee kuandikwa, kwa kuwa mvulana wa miaka 4 atafikisha 7, binti atafikia umri wa kusemewa kidogo na kusikilizwa zaidi, na amri ya leo inaweza kurudi mbele ya hakimu mwingine.